Kupitisha nyaya juu ya dari ya jipsamu iliyoning'inizwa: je, fremu inabeba mtu?

FundiChipukizi:
Habari za kazi, mafundi wenzangu. Nimepewa kazi ya kuongeza taa sita katika ukumbi wenye dari ya jipsamu iliyokwisha kupakwa rangi, ambayo imening'inizwa kwa waya na fremu za chuma chini ya boriti za mbao. Nafasi iliyo juu yake inamtosha mtu kutambaa. Msimamizi anasema fundi mwepesi anaweza kupita juu ya fremu, mradi asikanyage katikati ya bodi. Je, ni kweli? Na ni tahadhari gani nyingine nizichukue kabla ya kupanda?

SeremalaDari:
Si kweli, hata fundi awe mwepesi namna gani. Fremu hiyo imewekwa ibebe bodi, ambazo zikiwa na unene wa milimita 12.5 huwa na uzito wa takriban kilo 8 hadi 10 kwa mita moja ya mraba, wala haikukusudiwa kuhimili uzito wa mtu mzima uliokusanyika kwenye goti moja. Waya mmoja ukichomoka, mzigo wake huhamia kwenye waya wa jirani, na sehemu kubwa ya dari inaweza kushuka kwa mara moja pamoja nawe. Kagua kwanza kama boriti hazijaoza wala kuliwa na mchwa, kisha laza mbao nene zinazovuka boriti kadhaa, uzifunge zisiteleze, na ncha zake zisiachwe zikielea, kwa sababu ukiegemea ncha inayoelea ubao hupinduka. Chini yako pasiwe na mtu.

MkaguziWaya:
Naafiki, ila mimi ningeanza na umeme. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, kwani juu ya dari hupita pia nyaya za saketi nyingine. Kata umeme kwenye boksi kuu, ulifunge kwa kufuli, kisha ijaribu testa mahali penye umeme kabla na baada ya kupima nyaya zako. Usiisahau fremu yenyewe: waya uliochunwa na skrubu unaweza kuitia umeme, nawe ukiwa umelala kifudifudi, umeloa jasho, huna pa kurukia. Ipime kabla ya kuigusa. Tumia taa ya kichwani ya betri.

FundiChipukizi:
Nashukuru. Je, nyaya zinaweza kulala juu ya bodi?

SeremalaDari:
Hapana. Zibane kwenye boriti, si kwenye waya zinazoning'iniza dari. Ukikuta sufi ya kuzuia joto, vaa barakoa na miwani. Ukishuku asbesto, usiiguse, simamisha kazi hadi ipimwe. Hata hivyo, kwa taa sita tu, toboa kwanza matundu yake ukiwa kwenye ngazi uone ni boriti zipi unazifikia kwa mkono, maana huenda sehemu ya kupanda ikabaki ndogo sana.