Kanuni za usalama wa bidhaa Ulaya: mjasiriamali mdogo anakabwa koo, madalali wa "cheti" wanachekelea

Wadau mnaouza nje, hasa mnaotuma mzigo mdogo mdogo moja kwa moja kwa mteja Ulaya, njooni huku. Hili jambo limenifika shingoni na leo nalitema lote.

Natengeneza pochi na mikoba ya ngozi kwa mikono. Wateja wangu wengi ni watu binafsi: mtu anaona picha, analipia, natuma. Tarehe 13 Desemba 2024 ikaanza kutumika kanuni ya Umoja wa Ulaya ya usalama wa bidhaa kwa ujumla, ile namba 2023/988 ambayo wengi tunaiita GPSR. Jukwaa ninalouzia likayaficha matangazo yangu yote kwa wateja wa Ulaya. Hakuna aliyeniambia bidhaa ipi ina shida wala shida ni ipi. Ni ujumbe wa mashine tu: jaza jina na anwani ya mtu anayewajibika aliye ndani ya Umoja wa Ulaya. Ukiujibu, unarudishiwa uleule.

Huyo mtu anayewajibika ndiye anayenitoa povu. Kanuni inataka kila bidhaa inayouzwa huko iwe na mtu au kampuni iliyoko ndani ya nchi wanachama 27, ambayo mamlaka zikitaka kumkamata mtu shati zitamkamata yeye. Mtengenezaji akiwa nje, nafasi hiyo anaishika mwingizaji (anayenunua nje na kuingiza bidhaa huko), au mwakilishi aliyepewa mamlaka kwa maandishi, na wasipokuwepo hao, kampuni ya ghala iliyoko huko inayohifadhi na kusafirisha mzigo wako.

Sasa tazameni ilivyokaa. Kiwanda kikubwa kinauza makontena kwa mwingizaji, mwingizaji yuko kulekule, jina lake linabandikwa kwenye bidhaa, kazi imekwisha. Mimi ninayemuuzia mtu pochi moja sina mwingizaji. Kwa hiyo nitafute mwakilishi na nimlipe kila mwaka. Niliowaulizia wanatoza kwa kila aina ya bidhaa, na kwa upande wao nawaelewa, maana kanuni inawadai wakague mara kwa mara kwamba bidhaa inalingana na nyaraka zake na waweze kutoa ushahidi wa ukaguzi huo. Kiwanda kinaigawa ada hiyo kwa maelfu ya vipande vinavyofanana. Kwangu mkoba ukibadilisha kata au kifungo tayari ni aina nyingine, na vinatoka vichache tu. Ada inameza faida yote na bado inadai.

Njia rahisi iliyobaki ni kuuza jumla kwa duka la huko ili lenyewe liwe mwingizaji. Sawa, ila mnajua bei ya jumla ikoje. Ile faida iliyokuwa inanifanya nishone hadi usiku inahamia kwa mwenye duka. Sheria imeandikwa kwa ajili ya usalama, lakini matokeo yake kwetu ni kututoa kwenye rejareja.

Na kabla hamjaja na lile jibu la "usalama hauangalii mdogo wala mkubwa", nakubali. Viwango vyenyewe sina ugomvi navyo. Ngozi inayogusa mwili isizidi miligramu 3 za kromi ya aina ya VI kwa kilo, kwa sababu ile kitu inaleta mzio na vipele visivyoisha. Nikeli kwenye vyuma vinavyokaa kwenye ngozi ya mtu muda mrefu ina kikomo chake. Nampa mteja kitu anachokishika kila siku, lazima nijue kina nini. Kupima nipo tayari. Ninachogomea ni mzigo wa makaratasi usiojua tofauti kati ya mtu mmoja mwenye cherehani na kampuni yenye idara nzima ya wanasheria.

Kwani haiwezekani kutofautisha? Marekani walifanya. Mwaka 2008 walipitisha sheria kali ya bidhaa za watoto: madini ya risasi yasizidi sehemu 100 kwa milioni, na lazima maabara huru ipime. Watengenezaji wadogo wakapiga kelele, na mwaka 2011 sheria ikarekebishwa. Ukiwa na mauzo yasiyozidi dola milioni moja kwa mwaka (kiasi kinachopandishwa kufuata mfumuko wa bei) na usizidishe vipande 7,500 vya bidhaa husika, unajisajili kama mtengenezaji mdogo na unasamehewa baadhi ya vipimo vya maabara ya nje. Kikomo cha risasi hakikuguswa. Rangi na vitanda vya watoto wachanga bado lazima vipimwe na maabara, na ni haki kabisa. Yaani walilegeza pale penye hatari ndogo tu. Kwenye GPSR hakuna msamaha wa namna hiyo kwa biashara ndogo.

Halafu wakaja madalali. Hapa ndipo damu inachemka. Mmoja alinitumia barua pepe akiniuzia "cheti cha GPSR", na kwamba bila tafsiri ya maelezo kwa lugha zote rasmi 24 za Umoja mzigo wangu utateketezwa forodhani. Magumashi matupu! Hakuna cheti cha GPSR kinachotolewa na mamlaka yoyote. Kinachotakiwa ni uchambue mwenyewe hatari za bidhaa, kisha uandae nyaraka za kiufundi: maelezo ya bidhaa na sifa zake zinazohusu usalama, na pale hatari inapohitaji, uchambuzi huo wa hatari pamoja na matokeo ya vipimo. Unazitunza miaka 10. Kwa pochi ni kurasa chache. Lugha inafuata nchi unayouza, na kama bidhaa inatumika salama bila maelekezo, maelekezo hayahitajiki. Nani asiyejua kutumia pochi? Kwenye bidhaa unaweka jina lako, anwani ya posta na ya kielektroniki, namba ya bechi au ya aina, pamoja na jina na anwani za yule mtu anayewajibika, na hayohayo ya utambulisho yaonekane kwenye tangazo. Basi.

(Wanaosema watakwepa kwa kuuza Uingereza tu: Ireland ya Kaskazini imo ndani ya kanuni hii. Kagueni anwani za wateja wenu.)

Kinachouma zaidi ni kuangalia nani anapita. Tume ya Ulaya yenyewe ilisema mwaka 2024 viliingia vifurushi vya thamani ndogo bilioni 4.6, vingi mno kutoka China. Forodha gani itafungua hata sehemu ndogo ya hivyo? Majitu yanayomwaga vifaa vya kuchezea vya ovyo yana uwezo wa kumlipa mwakilishi na kujaza kila kisanduku kwenye fomu. Aliyefichiwa matangazo ni mimi, na sijawahi kupata malalamiko hata ya uzi kufumuka.

Nataka kujua mambo mawili kwa aliyepitia. Kuna kikundi cha watengenezaji kilichoweza kuchanga na kuchukua mwakilishi mmoja kwa mkataba wa pamoja, na mliandikaje kuhusu bidhaa ya mmoja ikileta kesi? Na maabara gani inakubali sampuli chache za ngozi kwa kipimo cha kromi bila kulazimisha kifurushi kizima cha vipimo visivyonihusu? Wekeni hapahapa ili na wengine wafaidike. Madalali wa cheti, PM yangu imefungwa.