Tupeane uzoefu: ni lini neno "mkono" lilikupiga chenga?

Ndugu zangu wapenzi wa lugha, salamu. Naanzisha mada hii kwa sababu ya sentensi moja iliyonishughulisha asubuhi nzima nilipokuwa nikitafsiri maelezo ya huduma ya kwanza. Niliandika kwamba mkono uliovunjika ufungwe usitikisike, kisha nikakumbuka kuwa katika Kiswahili mkono huanza begani ukaishia kwenye ncha za vidole, hivyo msomaji aliyeshika bendeji asingejua afunge kiganja au sehemu iliyo juu ya kiwiko. Niliweka neno "kigasha" nikalifuta, maana wengi hawalitumii, nikaishia na "sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kiganja". Sentensi ilirefuka, wala sijutii.

Tangu hapo neno hili limeniandama. Shati lina mikono, hoja huungwa mkono, mtuhumiwa hutiwa mkononi, na aliyezeeka husemwa kwamba umri umemtupa mkono. Huu wa mwisho naupenda kuliko yote, kwa kuwa unaufanya umri kuwa mwenzi wa safari aliyekushika muda mrefu, kisha akakuachia njiani. Naomba kila mmoja asimulie lililomfika yeye mwenyewe.

Mchangiaji wa kwanza:
Nikiwa darasa la sita niliandika insha ya kumsifu mjomba aliyekuwa akinilipia ada, nikasema ana mkono mrefu, nikikusudia kwamba msaada wake hutufikia popote tulipo. Mwalimu aliyazungushia maneno hayo wino mwekundu na kuandika pembeni, "Mjomba wako ni mwizi?" Nililia, kwa sababu nilikuwa nimesikia mara nyingi kwamba mkono wa serikali ni mrefu na sikuona aibu yoyote ndani yake. Mwalimu aliniita, akanieleza kwa upole kwamba mkono mrefu wa serikali humfikia mkosaji aliyejificha, ilhali mkono mrefu wa mtu hufikia vya wenzake, na kwamba mjomba wangu ana mkono wazi. Niliinakili insha upya usiku uleule.

Mchangiaji wa pili:
Mimi ni fundi cherehani. Mteja aliniletea gauni akasema, "Nipunguzie mikono," nami nikakata sentimita 4 kutoka kwenye pindo. Kumbe urefu aliuridhia. Alitaka upana upunguzwe, kwa sababu mikono ilikuwa ikipwaya kuanzia kwapani. Kitambaa kilichokatwa hakirudi, nikalazimika kumshonea gauni jingine kwa gharama yangu. Siku hizi mteja huvaa nguo mbele yangu, akanionyesha kwa kidole anapotaka, nami huchoma pini papo hapo.

Mchangiaji wa tatu:
Nilikuwa na umri wa miaka 7 hivi niliposikia bibi akisema kwamba jirani yetu ana mkono wa birika. Nilipotumwa kwake kuomba chumvi niliichungulia mikono yake yote miwili, nikaona ni kama ya watu wengine, na chumvi sikupewa. Niliporudi niliingia jikoni nikalitazama birika letu kwa makini: mkono wake unatoka ubavuni, unapinda, kisha unarudi kushikamana na birika lilelile.