Mkenya kufungua saluni Arusha: sheria inaruhusu?

Swali
Habari zenu, ndugu. Mimi ni raia wa Kenya, na ninakusudia kufungua saluni ya nywele mjini Arusha pamoja na kibanda cha kuweka na kutoa fedha kwa simu. Je, uraia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki unanipa nafuu yoyote?

Jibu la kwanza
Kwa biashara hizo, hapana. Amri iliyotolewa Julai 2025 inawazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, na zote mbili ulizozitaja zimo, isipokuwa saluni iliyo hotelini au inayohudumia watalii. Kenya ililalamika kwa kutaja Itifaki ya Soko la Pamoja, yaani makubaliano ya soko huria kati ya nchi za Jumuiya, lakini amri yenyewe haikuwatenga wana Afrika Mashariki. Anayekiuka hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania au kifungo kisichozidi miezi 6, na anaweza kufutiwa viza na kibali cha ukaazi.

Jibu la pili
Wala usishawishike kukata leseni kwa jina la mwenyeji huku mtaji ukiwa wako, maana raia anayemsaidia mgeni naye huadhibiwa, na siku mkigombana hutakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba viti, vioo na vikaushio vile ni vyako.

Jibu la tatu
Ningekuwa wewe, ningezungumza na hoteli kwanza ili saluni iwe ndani yake. Ukikubaliwa, sajili kampuni BRELA (wakala wa usajili wa biashara), chukua namba ya mlipakodi TRA (mamlaka ya mapato), kisha omba kibali cha ukaazi daraja A, yaani cha mwekezaji.