Ruth, Aaron au Bonds: tuwapimeje wapiga homurani wa vipindi tofauti?

Mwalimu wa Chamwino
Ndugu zangu, salaam kutoka Dodoma. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, wanaojifunza besiboli katika uwanja wa shule, wanabishana kuhusu mpiga homurani (pigo linalovusha mpira nje ya uzio wa uwanja) bora katika historia ya ligi kuu ya Marekani. Baadhi yao husoma orodha ya jumla ya homurani za kila mchezaji kuanzia juu, yaani Barry Bonds 762, Hank Aaron 755 na Babe Ruth 714, na kwao shauri limekwisha. Mimi naona hesabu hiyo haitoshi, kwa kuwa Ruth alistaafu mwaka 1935 ilhali Bonds alicheza hadi 2007. Je, niwape kipimo gani?

Mzee wa Kikuyu
Mwalimu, kila mchezaji apimwe kwa waliocheza wakati wake. Mwaka 1920 Ruth alipiga homurani 54, na hakuna timu nyingine ya Ligi ya Amerika (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu), mbali na yake mwenyewe ya New York, iliyofikisha idadi hiyo hata kwa kujumlisha wachezaji wake wote. Bonds alipopiga 73 mwaka 2001, aliwazidi wenzake, lakini hakuzidi timu nzima. Isitoshe, Ruth alianza kazi akiwa mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira, huko Boston, kwa hiyo miaka yake ya kwanza hakupata nafasi nyingi za kupiga. Ukigawanya zamu zake za kupiga kwa homurani zake, unapata moja katika kila zamu 12 hivi. Bonds anapata moja katika 13, na Aaron moja katika 16.

Binti Kondoa
Shikamoo Mzee. Kwa mgawanyo huo Mark McGwire anamzidi hata Ruth, kwani alipiga moja katika kila zamu 11 hivi, naye mwaka 2010 alikiri kwamba alitumia dawa za kuongeza nguvu. Halafu tuulize, hao wenzake Ruth walikuwa akina nani? Wachezaji weusi walifungiwa nje ya ligi kuu hadi Jackie Robinson alipoingia mwaka 1947, na Josh Gibson, mpigaji mweusi ambaye wengi waliomwona walimlinganisha na Ruth, alifariki Januari ya mwaka huohuo akiwa na miaka 35 bila kupewa nafasi. Ruth hakuwahi kukabiliana na warushaji bora weusi katika mechi za ligi. Mimi namchagua Aaron: hakuwahi kuvuka homurani 47 katika msimu mmoja, lakini kwa misimu 20 mfululizo hakushuka chini ya 20, na alipokaribia rekodi ya Ruth, aliyoivunja Aprili 1974, aliendelea kupiga huku akipokea barua za kutishiwa kuuawa kwa sababu ya rangi yake.

Mkazi wa Area C
Naongeza suala la hewa, ambalo wanafunzi wa Dodoma watalielewa upesi kwa kuwa mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Denver iko takriban mita 1,600, na hewa yake nyepesi huufanya mpira uende mbali zaidi, kiasi kwamba tangu mwaka 2002 timu ya huko huhifadhi mipira katika chumba chenye unyevu unaodhibitiwa. Bonds hakuwa na msaada huo, kwa maana uwanja wa nyumbani wa timu yake huko San Francisco uko ukingoni mwa maji. Shaka juu yake inatokana na dawa, maana ligi ilianza kuwaadhibu wanaokutwa nazo mwaka 2004 tu.

Mzee wa Kikuyu
Marahaba, binti. Hoja ya Gibson naikubali yote, na ndiyo maana sisemi kwamba Ruth angepiga 714 katika ligi iliyo wazi kwa wote. Hata hivyo, timu zile za mwaka 1920 zilirushiwa mipira na warushaji walewale waliomrushia Ruth. Mwalimu, wape wanafunzi msimu huo mmoja kwanza, wagawanye homurani zake kwa wastani wa timu za ligi yake, kisha wafanye vivyo hivyo kwa Aaron mwaka 1971, alipopiga 47, na kwa Bonds mwaka 2001.