Mkate mtamu wa kumega kwa unga uliokwisha kukandwa: tutumie nini hapa Dodoma?

Mkazi wa Nkuhungu

Habari za jioni, ndugu zangu. Jumapili ijayo baada ya ibada ninatarajia ugeni wa mawifi zangu kutoka Singida, na ningependa kuwaandalia kitafunwa cha chai ambacho si maandazi wala keki waliyoizoea. Nimevutiwa na mkate mtamu wa Kimarekani unaotengenezwa kwa madonge madogo ya unga yanayochovywa kwenye siagi iliyoyeyushwa, yakaviringishwa kwenye sukari yenye mdalasini, kisha yakapangwa yakiwa yamebanana ndani ya chombo na kuokwa mpaka yashikane, ili kila mlaji amege sehemu yake kwa mkono bila kisu.

Ugumu wangu uko kwenye unga wenyewe. Maelekezo yote ninayokutana nayo huanza kwa kumtaka mpishi anunue unga mbichi uliokwisha kukandwa, unaouzwa kwenye majokofu ya maduka ya huko ukiwa ndani ya makopo ya karatasi ngumu, nami sijauona katika duka lolote ninalolifahamu hapa mjini. Kwa kuwa siku hiyo nitakuwa kanisani asubuhi yote, nisingependa kuanza kukanda na kusubiri unga uumuke. Je, kuna njia ya mkato inayofanana na hiyo kwa mazingira yetu? Sina tanuri, nina jiko la gesi, jiko la mkaa, friji ndogo na sufuria nzito zenye mifuniko. Naomba pia kufahamishwa jinsi ya kuzuia sukari isigandie sufuria, kwani nakusudia kuupindua mkate ukiwa mzima mezani. Tutakuwa watu wapatao kumi na wawili.

Mwokaji wa Makole

Karibu, dada. Ni vyema kwanza ufahamu unga ule wa makopo ni wa namna gani, maana ukishaujua utaona kwamba hauna muujiza. Mwokaji mmoja wa Louisville, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, aitwaye Lively Willoughby, ndiye aliyepata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kuufungasha mwaka 1931. Ni unga wa ngano uliochanganywa na mafuta, maziwa na beking pauda, ambao hewa yake huanza kutoka ungali ndani ya kopo na kulijaza kwa mgandamizo. Ndiyo maana kopo hupasuka kwa mlio linapofunguliwa. Hamira haimo. Wamarekani huukata kila mduara vipande vinne, wakavipaka sukari na kuvioka, na kazi ikaishia hapo. Mkate wenyewe, kwa namna uliyoieleza, una asili ya Hungaria, ambako hutengenezwa kwa unga wa hamira na jozi zilizosagwa, na ulifika Marekani pamoja na wahamiaji. Umaarufu wake uliongezeka pale Nancy Reagan, mke wa Rais Ronald Reagan, alipokuwa akiuandaa Ikulu ya nchi hiyo wakati wa Krismasi.

Kwa hiyo mbadala ulio karibu zaidi ni unga wa beking pauda na mtindi, ambao hauhitaji kusubiriwa hata kidogo. Kwa watu kumi na wawili, chekecha unga wa ngano gramu 500 pamoja na vijiko vinne vya chai vya beking pauda, kijiko kimoja kidogo cha chumvi na vijiko viwili vya chakula vya sukari. Fikicha ndani yake gramu 80 za siagi au majarini iliyo baridi mpaka unga uwe chengachenga, kisha mimina mtindi mililita 300 na uchanganye kwa uma. Usiukande kama wa chapati, ukishashikana, acha. Ukiukanda sana madonge yatakuwa magumu, na hakuna siagi itakayoyaokoa.

Naongeza jambo ambalo maelekezo ya kigeni hayalisemi. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo hewa iliyomo ndani ya unga hutanuka kwa urahisi zaidi, hivyo beking pauda nyingi huufanya mkate upande haraka kisha ubonyee katikati. Vijiko vinne nilivyotaja tayari vimepunguzwa. Vilevile ukavu wa hewa yetu, hasa kuanzia Juni, huufanya unga wa ngano unywe maji zaidi, kwa hiyo weka akiba ya vijiko viwili au vitatu vya mtindi pembeni uongeze kadiri mkono wako utakavyokuambia.

Mama wa Kondoa

Namheshimu Mwokaji kwa maelezo yake, lakini kwa ugeni wa mawifi nisingemshauri mtu atumie unga wa beking pauda. Mkate huo ni mzuri ukiwa wa moto, na baada ya saa chache huanza kukakamaa. Wageni wakichelewa njiani, na barabara ya Singida tunaifahamu, utawakaribisha kwa kitu kilichokwisha kupoteza ladha. Mkate wa hamira hubaki laini hadi kesho yake, na hata ukipashwa moto hurudia hali yake.

Swali lako, mwanangu, ni njia ya mkato, nami nasema njia hiyo tunayo mitaani kila alfajiri. Mama anayekaanga maandazi kwenye kona ya mtaa wako huwa amekwisha kukanda unga wa kutosha kabla hujaamka: una hamira, una sukari kidogo, mara nyingi una iliki, na umekwisha kuumuka. Zungumza naye Ijumaa, mkubaliane bei, umwombe akuuzie kilo moja ya unga mbichi Jumamosi kabla hajaanza kukaanga. Peleka bakuli lako lenye mfuniko, lililopakwa mafuta ndani, na lenye nafasi mara mbili ya unga wenyewe, kwa sababu utaendelea kufura njiani. Waokaji wa mikate wenye viwanda vidogo nao huuza unga namna hiyo ukiwaomba kwa adabu, ila unga wao hauna iliki wala sukari ya kutosha, na mimi napendelea ule wa maandazi.

Ukiufikisha nyumbani, ukandamize mara moja kutoa hewa, ufunike vizuri na uuingize kwenye friji. Baridi huipunguza hamira kasi bila kuiua, kwa hiyo unga utalala salama mpaka Jumapili. Ukirudi kanisani, utoe na uukate madonge ukubwa wa ndimu ndogo. Kilo moja itakupa madonge arobaini ya gramu 25 kila moja. Usiukande upya, maana unga uliotoka kwenye friji ukikandwa hurudi nyuma kila unapouvuta. Yaviringishe tu, uyachovye, uyapange, kisha uyafunike kwa kitambaa chenye unyevunyevu mpaka yaonekane yamenenepa. Kitambaa kikavu hakifai hapa kwetu. Upepo wa Dodoma huukausha uso wa unga ukafanya ganda, na madonge yenye ganda hayashikani vizuri.

Kwa kuwa unga huo una sukari tayari, punguza ile ya kuviringishia. Gramu 120 za sukari na vijiko viwili vya chai vya mdalasini uliosagwa vinatosha kwa kilo nzima.

Mwokaji wa Makole

Hoja ya mama naikubali kwa upande wa ulaini, na wazo la unga wa maandazi ni zuri kuliko langu iwapo muuzaji anaaminika na unga wake hautiwi maji kupita kiasi. Hata hivyo, kwa mtu ambaye wageni wamebisha hodi bila taarifa, mtindi na beking pauda bado vitamfikisha mezani ndani ya saa moja. Kitu kimoja ningeomba kisisahaulike: unga wa maandazi huwa na mafuta kidogo, kwani hutegemea kuyapata kwenye karai. Usiibanie siagi ya kuchovyea. Gramu 100 kwa kilo moja ya unga si israfu.

Msomaji wa Mpwapwa

Ndugu zangu mmeujadili unga kwa undani, nami nataka kuzungumzia moto, kwa sababu mkate huu haufanani na mkate wa kawaida: chini yake kuna sukari, na sukari huungua mapema kuliko unga unavyoiva. Mtu mwenye tanuri huliweka nyuzi 175 na kusubiri dakika 35 mpaka 40. Mwenye sufuria juu ya mkaa lazima auzuie moto wa chini usiguse sukari moja kwa moja.

Chukua sufuria kubwa, utandaze ndani yake mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa vidole viwili, na juu ya mchanga uweke vijiwe vitatu vilivyo bapa. Ifunike na uipashe kwenye mkaa kwa robo saa. Madonge yako yatakuwa kwenye sufuria ndogo zaidi, yenye upana wa sentimita 24 hivi, ambayo utaiweka juu ya vijiwe. Wamarekani hutumia chombo chenye tundu katikati ili joto lifike ndani. Wewe simamisha kikombe cha bati kilichopakwa siagi kwa nje katikati ya sufuria, kisha upange madonge kukizunguka. Bila kikombe hicho, madonge ya pembeni yatakauka huku ya katikati yakiwa bado mabichi. Sufuria usiijaze kupita nusu, maana mkate utapanda karibu mara mbili. Funika, kisha weka makaa juu ya mfuniko: theluthi mbili ya makaa yote yawe juu na theluthi moja tu ibaki chini. Gesi siishauri kwa kazi hii, kwani moto wake wote hutoka upande mmoja.

Kuhusu kunata, siri iko kwenye shira. Yeyusha siagi gramu 100 pamoja na sukari gramu 150 na vijiko vitatu vya chakula vya maziwa, ukoroge juu ya moto mdogo mpaka chembe za sukari zipotee na mapovu ya kwanza yatokee, kisha epua mara moja. Shira ikichemka muda mrefu hupoteza maji, na ikipoa huwa ngumu kama peremende. Ikiepuliwa mapema hubaki laini na kuvutika. Paka sufuria siagi kila mahali, mimina nusu ya shira chini, panga madonge, kisha umwagie iliyobaki juu. Kati ya tabaka na tabaka nyunyiza karanga zilizokaangwa na kupondwa kidogo. Ukipenda, tia zabibu kavu zilizolowekwa kwenye chai ya moto ili zilainike. Zabibu mbichi, japo mkoa wetu unazivuna mara mbili kwa mwaka na zinavutia macho sokoni Majengo, hazifai ndani ya mkate huu kwa sababu hutoa maji yanayoizimua shira.

Kujua kama umeiva, choma kijiti kwenye donge lililo karibu na kikombe cha katikati, wala si la pembeni. Kikitoka bila unga mbichi, epua, usubiri dakika tano, kisha pindua juu ya sinia pana lenye ukingo. Ukipindua papo hapo shira itamwagika na inaweza kukuunguza mikono. Ukisubiri nusu saa itakuwa imegandia sufuria.

Mkazi wa Nkuhungu

Nawashukuru sana nyote, na shikamoo, Mama wa Kondoa. Nimekwisha zungumza na jirani yangu anayekaanga maandazi, naye amekubali kunitengea kilo moja Jumamosi alfajiri. Nina maswali mawili ya mwisho. Ibada huisha saa tano na wageni wanatarajiwa saa tisa alasiri. Je, nitoe unga kwenye friji saa ngapi? Pia mawifi zangu huniletea asali ya kwao kila wanapokuja, na ninayo chupa iliyobaki. Je, naweza kuitumia badala ya sukari kwenye shira, ili waonje kitu cha nyumbani?

Mama wa Kondoa

Marahaba, mwanangu. Toa unga saa sita kamili. Utahitaji nusu saa kuukata na kuupanga, kisha saa moja hivi ya kuumuka, kwa kuwa unga wa baridi huchelewa. Kama hali ya hewa ni ile ya Julai, sogeza bakuli karibu na jiko, lakini si juu yake. Washa mkaa saa saba na robo, uanze kuoka saa saba na nusu, na kabla ya saa nane na nusu mkate utakuwa kwenye sinia ukiwa vuguvugu, hali ambayo ndiyo bora ya kuumega.

Asali usiichemshe ndani ya shira wala usiiweke chini ya sufuria, kwa sababu hubadilika rangi na kuungua kwa joto dogo kuliko sukari, na harufu yake nzuri hupotea. Baki na shira ya sukari kama ulivyoelekezwa. Mkate ukishapinduliwa na kutulia kidogo, chukua vijiko vitatu au vinne vya asali, uvichuruzishe juu. Kama utaona utamu umezidi, changanya kijiko cha unga wa ubuyu uliochekechwa na maji kidogo na sukari, unyunyize kwa kijiko juu ya madonge. Uchachu wake huukata utamu wa sukari vizuri kuliko limau, na ubuyu hapa kwetu haukosekani. Chai iwe ya rangi, isiyo na sukari.