Mjadala: Je, ratirodi zilizoundwa nyumbani ziuzwe kwenye minada ya mtandaoni bila kukaguliwa uvunguni?

MLETA MADA

Ndugu wanajamvi, naleta mada hii kwa sababu ni mfanyakazi wa vyuma. Nilijifunza kuchomelea katika mtaa wa mafundi vyuma wa Gerezani, Dar es Salaam, na sasa kazi hiyohiyo inanilisha hapa Ohio, Marekani.

Kwa wasiozifahamu, ratirodi ni gari la kale, mara nyingi Ford Model A ya kati ya mwaka 1928 na 1931, lililopunguzwa paa, likashushwa hadi karibu kugusa lami, likapewa injini ya V8, yaani ya silinda nane, iliyotolewa kwenye gari jingine, kisha likaachwa na kutu yake bila kupigwa rangi. Mzazi wake ni hotirodi, yaani yale magari ambayo vijana wa California waliyapunguza uzito na kuyashindanisha kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc katika miaka ya 1930. Hotirodi zilipogeuka kuwa mapambo ya wenye fedha, mafundi wa kipato cha kawaida walirudi kwenye skrepa na kuunda za kwao. Naiheshimu sana kazi hiyo. Aliyekulia Gerezani hawezi kumdharau mtu anayetengeneza gari kwa grenda na mabaki ya vyuma.

Hoja yangu ni kwamba mnada wa mtandaoni usipokee gari ambalo chasisi yake, yaani fremu ya chuma inayolibeba, imekatwa na kuungwa na mtu binafsi, mpaka liwe na ripoti ya fundi asiye na uhusiano na muuzaji, inayoeleza hali ya maungio ya chasisi, usukani na breki, pamoja na picha za uvunguni.

Nieleze nilichokiona. Mwaka juzi rafiki yangu alishinda mnada wa Model A ya 1930 kwa dola 14,000, na gari likamfikia likiwa juu ya trela kutoka jimbo jingine. Tangazo lilikuwa na picha 30, na hakuna hata moja iliyopigwa kutoka chini. Nilipolala uvunguni na tochi, nilikuta chasisi imekatwa nyuma ya viti na kuungwa upya kwa umbo la ngazi, kipande cha nyuma kikiwa juu ya cha mbele, ili gari likae chini, lakini kingo za vyuma hazikuwa zimenolewa kabla ya kuunganishwa, hivyo mshono ulikaa juu ya chuma kama nta iliyodondoka. Kilichonisikitisha zaidi ni kutu iliyoufunika. Kutu ya miaka 90 huwa ya kahawia iliyokolea na hukichimba chuma, ilhali hii ilikuwa ya rangi ya chungwa, iliyolingana kila mahali, na ilibaki kwenye kidole changu kama poda. Kutu ya namna hiyo hutengenezwa kwa siki, chumvi na dawa ya haidrojeni peroksidi katika muda wa mchana mmoja. Nilipogonga kwa nyundo ndogo, ufa ulijitokeza kwenye ncha ya mshono.

Usukani nao ulitumia boksi la gia za usukani la Chevrolet Vega, gari la miaka ya 1970 ambalo boksi lake hupendwa sana na waundaji hawa kwa kuwa ni dogo. Boksi lenyewe halikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye bamba jembamba lililolishikilia: mtu akizungusha usukani, bamba linapinda kwanza, kisha ndipo matairi yanaanza kugeuka. Masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki, ilikuwa chini ya sakafu, chini ya usawa wa breki za magurudumu, bila vali za kuzuia mafuta yasirudi, kwa hiyo pedali ilizama mara ya kwanza na kushika mara ya pili. Kwenye barabara kuu mtu hana nafasi ya mara ya pili.

Mtu atauliza sheria iko wapi. Sheria ipo, ila imeegemea zaidi upande wa karatasi. Hapa Ohio gari lililoundwa na mtu binafsi hukaguliwa na polisi wa barabara kuu wa jimbo, na jambo kubwa wanalolitazama ni risiti za vipuri na uhalali wa umiliki. Pennsylvania ina vituo maalumu vya ukaguzi wa magari ya aina hii, lakini Texas imefuta ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari ya kawaida kuanzia Januari 2025. Kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho inayodai tangazo la dhamana kwenye dirisha la gari lililotumika inamhusu mfanyabiashara, yaani anayeuza magari zaidi ya matano katika miezi 12. Mtu aliyeunda gari moja kwenye gereji ya nyumbani huandika tu kwamba linauzwa kama lilivyo, na aliyenunua amekwisha kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu yangu, nimekusoma kwa makini na sikubaliani nawe. Nimenunua magari mawili ya namna hii mnadani na bado ninayo. Kwanza, anayepandisha dau kwa ratirodi anajua anachokinunua, na bei yenyewe imekwisha kubeba shaka hiyo. Gari hilohilo likijengwa na karakana yenye jina lingegharimu mara kadhaa.

Pili, huyo fundi wa kukagua atatoka wapi? Mafundi wengi wa siku hizi wamezoea kuunganisha kompyuta kwenye gari na kusoma hitilafu, na hawajawahi kugusa ekseli ya mwaka 1930. Yule anayeifahamu atakataa kuweka saini, kwa kuwa Marekani ni nchi ya kesi, na ajali ikitokea jina lake ndilo litakalotafutwa. Matokeo yake ni kwamba karakana kubwa zitaendelea kuuza, na kijana aliyeunda gari lake kwa akiba ya mshahara atafungiwa mlango. Atauza kwenye gulio la vipuri Jumapili asubuhi, ambako hakuna picha wala kumbukumbu yoyote, na hatari uliyoitaja itabaki palepale.

Tatu, mnada wa mtandaoni una ukaguzi wake. Bring a Trailer, tovuti ya minada ya magari iliyoanza kama blogu mwaka 2007, huwaruhusu wasomaji kumhoji muuzaji hadharani kwa siku zote za mnada, na wengi wao ni mafundi wanaodai picha za uvunguni bila huruma. Muuzaji anayekwepa swali huonekana, na dau husimama. Kwangu mimi macho ya watu mia tano ni bora kuliko saini ya mmoja.

MCHANGIAJI WA PILI

Mimi niko Mombasa na sijawahi kuiona ratirodi kwa macho, wala haiwezi kuingia kwetu kama gari la kawaida, maana Kenya haipokei magari yaliyozidi miaka minane. Lakini sisi tunanunua magari ya Japani bila kuyagusa, na tunaweza kufanya hivyo kwa sababu minada ya kule hutoa karatasi ya ukaguzi kwa kila gari, yenye alama ya daraja na mchoro wa bodi unaoonyesha kila mkwaruzo na kila sehemu iliyorekebishwa. Gari lililokwisha kugongwa na kutengenezwa hupewa herufi R. Halizuiwi kuuzwa, wanunuzi wapo, na wanalinunua kwa bei yake. Kwa nini mnada wa Marekani ushindwe?

MLETA MADA ANAJIBU

Nawashukuru nyote wawili. Mchangiaji wa kwanza ana haki kuhusu saini, na hapo nalegeza hoja yangu. Nisidai cheti cha kuthibitisha kwamba gari ni salama, kwa sababu hakuna fundi mwenye busara atakayekitoa. Ninachodai kiwe kama karatasi ya Japani aliyoieleza ndugu yetu wa Mombasa: maelezo ya kilichoonekana, siku kilipoonekana, na picha ya kila mahali chasisi ilipokatwa. Kazi hiyo inahitaji jeki, tochi, nyundo na mtu mwenye uzoefu wa kuchomelea. Sitaki mwuzaji azuiwe. Nataka herufi R iwepo.

Kuhusu macho ya watu mia tano, siyadharau, nami mwenyewe huuliza maswali hayo. Ila macho hayo huona pale tu ambapo kamera imeelekezwa, na kutu ya siki ikipigwa picha mchana wa jua inafanana kabisa na kutu ya kweli. Ile ya rafiki yangu niliigundua kwa kidole.

Kuhusu bei kubeba shaka, bei hiyo inamfidia mnunuzi peke yake. Mama anayevuka barabara na watoto wake hakupandisha dau, wala hakupewa punguzo lolote kwa ajili ya mshono uliochomelewa juu juu.

Na huyo kijana wa akiba ya mshahara ndiye ninayemfikiria zaidi kuliko wote. Karakana yenye jina haihitaji karatasi, kwa sababu jina lake linatosha. Yeye aliyenoa kingo zake vizuri, akaongeza mabamba ya kuimarisha pande zote mbili na kufunga vali za breki mahali pake, leo anauza bei moja na yule aliyepaka siki, kwa kuwa kwenye picha wanalingana.

Lile gari la Model A nimelikata upya na kuliunga, kazi ya Jumamosi sita. Mwenyewe ameamua kuliuza mnadani mwezi ujao, na ameweka picha za mshono wa zamani wenye ufa, za kingo zilizonolewa, na za maungio mapya kabla hayajafunikwa na kitu chochote. Namuuliza mchangiaji wa kwanza, ambaye ameyanunua mawili na anayapenda kama mimi: akiziona picha hizo, atapandisha dau lake au atalishusha?