Jina letu la ukoo ni Kilifi, lakini wazee wasema sisi ni watu wa Mombasa. Nianzie wapi?

BintiKibokoni
Assalaam aleikum ndugu zangu. Nataka kuujua ukoo wetu wakati bado nina wazee wa kuwauliza. Babu mzaa baba alizaliwa Mombasa na akazikwa Mombasa, na kwenye karatasi zake zote jina la mwisho ni Kilifi. Watu wakilisikia huniuliza, "Kwenu Kilifi sehemu gani?" Sina la kuwajibu. Hatuna shamba huko, hatuna kaburi, hatuna jamaa wa kumtembelea. Shangazi husema babu alikuwa mtu wa Tisa Taifa, basi, maelezo yake huishia hapo. Nyumbani ipo hati ya nyumba ya zamani iliyoandikwa kwa harufi za Kiarabu na hatujapata wa kuisoma. Je, hili ni jina la mji tuliotoka, au ni jina ambalo karani alilitia tu?

Msafiri_wa_Mwambao
Dada, nenda Mnarani, ng'ambo ya kusini ya hori la Kilifi. Yale magofu yenye msikiti mkuu na kaburi la mnara ndiyo Kilifi ya kale, mji uliokaliwa tangu karne ya 14 hadi ya 17. Wakilifi wa Mombasa walitoka huko. Kwenu ni huko.

Maalim_Mvita
Wa aleikum salaam mwanangu. Msafiri amesema kweli kuhusu magofu, ila ameruka karne tatu nzima kwa hatua moja.

Waswahili wa Mombasa walijigawa katika miji kumi na miwili, yaani makundi ya watu, si miji ya majengo. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Washaka, Wafaza, Wabajuni na Wakatwa. Yatazame majina hayo, mengi ni ya mahali. Lakini Mfaza wa Mombasa huenda babu yake wa saba hakuiona Faza. Jina lilihama na watu, likawa jina la mji wao ndani ya Mombasa, na watu wengine wakaingia chini yake: kwa ndoa, kwa kusuhubiana, kwa kusilimu. Tisa Taifa walikuwa na usuhuba wa muda mrefu na Wagiriama na jamaa zao wa kaskazini, kama Thelatha Taifa walivyokuwa na Wadigo. Mahaji wengi, yaani watu wa makabila hayo waliosilimu, walipokewa kwa njia hiyo. Wapo pia waliokuwa watumwa katika nyumba hizo, wakabaki na jina la mji wa mabwana zao baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1907. Nayasema haya mapema ili ukikutana nayo usifunge daftari. Nao ni wazee wako.

Kwa hiyo lile neno la shangazi ni zito kuliko unavyodhani. Mtu akisema "Tisa Taifa" na jina ni Kilifi, mimi ningeanzia kwa Wakilifi wa Mombasa kabla ya kupanda gari kwenda Kilifi.

Karani_Mstaafu
Naomba niongeze tahadhari. Nimeandikisha watu maisha yangu yote ya kazi. Zamani mzee alikuja na jina la "fulani bin fulani bin fulani", na fomu inataka majina matatu tu. Bin zikaondolewa, na jina la tatu mara nyingi ni la babu wa mwenye karatasi, si la ukoo kabisa. Tena karani akiuliza "watoka wapi?", jibu liliweza kuangukia kwenye nafasi ya jina. Tafuta karatasi za ndugu za babu yako. Kama kaka yake wa baba mmoja pia anaitwa Kilifi, hapo una jina la ukoo. Kama ni yeye peke yake, shuku.

UmmuZahra
Usisahau upande wa wanawake, dada. Ndoa nyingi za kale zilifungwa ndani ya mji mmoja. Muulize shangazi bibi zenu waliolewa na kina nani, na nani alikuwa walii wa kuwaoza. Madaftari ya ndoa ya mahakama ya kadhi yana majina marefu kuliko kitambulisho.

Maalim_Mvita
Ahsante Ummu Zahra, hilo ni jambo kubwa. Sasa hiyo hati. Hati za zamani za kuuziana nyumba hutaja mipaka yote minne, kibla, suheli, matlai na maghribi (kaskazini, kusini, mashariki na magharibi), na kila upande hutajwa jirani kwa jina lake. Majirani wa Mji wa Kale mara nyingi walikuwa jamaa, kwa hiyo usisome jina la mwenye nyumba peke yake. Msomaji wako awe mzoefu wa Kiswahili cha harufi za Kiarabu: bila irabu, majina mawili tofauti huweza kuandikwa sawasawa. Mwambie asome herufi kama zilivyo, asikisie kwa sababu amesikia unatafuta Kilifi.

Halafu kuna sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908. Wenye mashamba na viwanja hapa pwani walitakiwa kupeleka madai yao yasajiliwe. Kama babu wa babu yako alidai kiwanja, jalada lake litakuwa na jina lake, mahali, na pengine mashahidi. Ulizia katika usajili wa ardhi Mombasa na Nyaraka za Taifa Nairobi, ukiwa na jina la mtaa mkononi. Uliza pia Tume ya Wakfu, kama ukoo uliwahi kuacha msikiti au nyumba.

Na ukiona jina linabadilika, mara Kilifi, mara limeongezwa "Al-", usishangae. Wakati wa ukoloni kuhesabiwa mwenyeji au Mwarabu kuligusa kodi na kura, na watu walichagua namna ya kuandikwa.

BintiKibokoni
Shukran sana Maalim, na nyote. Nimempigia shangazi leo. Ndugu wawili wa babu nao ni Kilifi, baba mmoja, mama mbalimbali. Na bibi yake babu aliolewa kutoka kwa Wajomvu, "kule Jomvu Kuu", asema bado tuna watu. Hati nimeipiga picha mbele na nyuma. Nyuma kuna muhuri na mistari miwili ya wino mwingine.

Maalim_Mvita
Huo wino mwingine ndio usomwe kwanza, huenda ni kurithishana. Jomvu nenda na shangazi mwenyewe, usiende peke yako. Wakimwona yeye watasema zaidi.